Tupeni hata "hapana" ya maandishi: barua ya wazi kwa wakaguzi wa filamu

Waheshimiwa wajumbe wa bodi ya ukaguzi wa filamu, nawe Mheshimiwa Waziri, maana tunaambiwa faili sasa limepanda hadi ofisini kwako,

Salaam.

Mimi ni mhariri wa filamu. Kazi yangu ni kukaa gizani na kukata picha: ipi ibaki, ipi iondoke, sauti ya huyu isikike kabla uso wake haujaonekana au baada. Nimeifanya kwa zaidi ya miaka 20. Filamu ya hali halisi iliyo mezani kwenu sikuihariri mimi, wala sina senti yangu ndani yake. Niliiona mara moja tu, watengenezaji walipowaita wenzao wachache waitazame kabla haijaletwa kwenu. Inasimulia mauaji ya zamani ambayo wazee huyataja kwa sauti ya chini, na vitabu vya shule huyapita kwa mstari mmoja. Ilipokwisha hakuna aliyewasha taa kwa muda. Nilirudi nyumbani kwa miguu, njia nzima sikutaka kuzungumza na mtu.

Siandiki kuwaomba muipende. Naandika kwa sababu ya maneno mawili ambayo watengenezaji wamejibiwa kila walipokuja kuulizia: "Bado tunatafakari."

Sina ugomvi na kutafakari. Mimi mwenyewe naweza kukaa siku tatu na picha moja, naitoa, nairudisha, naitoa tena. Lakini mwongozaji akiniambia anataka jibu Ijumaa, Ijumaa namjibu. Filamu hii iko kwenu kwa miezi sasa. Mara ya kwanza mtayarishaji aliambiwa mjumbe mmoja yuko safarini. Mara ya pili kikao hakikufikisha akidi. Mara ya tatu aliambiwa faili "limepelekwa juu", na aliyemwambia hivyo alinyoosha kidole kuelekea darini, hakutaja ofisi. Tangu hapo ni kupigwa kalenda. Akiuliza kama filamu imezuiwa, anaambiwa haijazuiwa. Akiuliza kama anaweza kuionyesha, anaambiwa hajaruhusiwa. Katika kuja na kurudi kote huko hajapewa karatasi hata moja yenye muhuri, tarehe na jina la mtu.

Waheshimiwa, hilo tayari ni katazo. Ni katazo ambalo halijaandikwa na mtu yeyote, kwa hiyo hakuna pa kulipeleka. Mtu akipewa "hapana" kwa maandishi anajua la kufanya: ataisoma, atakata rufaa, ataenda mahakamani, au atarudi kwenye chumba cha uhariri kuona kama kinacholalamikiwa kinaweza kurekebishwa bila kuiua kazi. Kimya hakikatiwi rufaa. Na wakati mkitafakari, mambo ya nje hayasimami. Ukumbi uliotengwa umeshapewa filamu nyingine, tamasha limefunga dirisha la kupokea kazi, mkopo unadaiwa, na waliotoa ushahidi wao mbele ya kamera wanazeeka.

Nigeria walipitia haya. Mwaka 2014 filamu ya Half of a Yellow Sun, iliyotokana na riwaya ya Chimamanda Ngozi Adichie kuhusu vita vya Biafra, eneo lililotaka kujitenga na Nigeria, ilipangwa kuanza kuonyeshwa huko mwezi Aprili. Cheti cha bodi hakikutoka. Bodi ilieleza kuwa haijaipiga marufuku, ni vile tu haijaiidhinisha. Wakati huo filamu ilikuwa imeshaonyeshwa Toronto tangu Septemba 2013, na kumbi za Uingereza zilikuwa zinaionyesha. Ilipofika Agosti ndipo ikaruhusiwa nyumbani, baada ya kupunguzwa. Mnaijeria aliyeko London aliitazama hadithi ya vita vya nchi yake kabla ya yule aliyeko Enugu, mji uliokuwa makao makuu ya Biafra. Vita vile vilikwisha mwaka 1970. Najiuliza, mtu aliyevipigana na akavinusurika, miaka 44 baadaye alikuwa analindwa na nini asione?

Najua kuna atakayesema haya ni matatizo ya nchi zetu. Hapana. Mwaka 1965 Shirika la Utangazaji la Uingereza, BBC, lilimpa kijana Peter Watkins kazi ya kutengeneza filamu kuhusu siku ambayo bomu la nyuklia lingeanguka Uingereza. Ikaitwa The War Game, haifiki hata saa moja. Mwenyekiti wa BBC wakati ule, Lord Normanbrook, alikuwa amewahi kuwa Katibu wa Baraza la Mawaziri. Septemba ya mwaka huo alimwandikia aliyemrithi katika cheo hicho, na maofisa wa serikali, wakiwemo wa ulinzi, wakaja kuitazama faraghani. Novemba BBC ikatangaza kwamba haitairusha kwa kuwa inatisha mno, na ikasisitiza kuwa huo ni uamuzi wake yenyewe, haukutokana na shinikizo la mtu wa nje. Filamu hiyo ilipata tuzo ya Oscar mwaka 1967. Waingereza hawakuiona kwenye televisheni yao mpaka 1985.

Nikiisoma habari hiyo, miaka 20 ile hainishangazi kama kile kikao cha faragha. Watu wazima walikaa, wakaitazama filamu, wakatoa maoni yao, kisha wakatoka na kuacha jina la mwingine juu ya uamuzi. Mwananchi aliyekasirika aliandika barua BBC kwa sababu hakujua kwamba kulikuwa na mlango mwingine wa kubisha. Mheshimiwa Waziri, ikiwa ni wewe unayeamua, basi amua wewe na utie saini wewe. Usiiachie bodi ibebe jina. Na ikiwa ni bodi inayoamua, filamu inatafuta nini mezani kwako?

Hilo la faili kupanda ngazi linanitia hofu zaidi kuliko mengine yote, na nitasema kwa nini. Mwezi Aprili 1975, nchini India, mbunge na mtengenezaji filamu aitwaye Amrit Nahata alipeleka kwa wakaguzi filamu yake ya kejeli, Kissa Kursi Ka, yaani kisa cha kiti. Bodi haikuamua, ikaisukuma kwa kamati nyingine, na kutoka hapo ikapanda hadi serikali kuu. Mtengenezaji akapewa orodha ya pingamizi 51. Katikati ya hayo, mwezi Juni, ikatangazwa hali ya hatari. Nakala zikachukuliwa, hasi za filamu, yaani zile asili zinazotolewa nakala, zikachukuliwa, zikateketezwa. Serikali ilipobadilika kesi ikafunguliwa, na mwaka 1979 aliyekuwa Waziri wa Habari, V. C. Shukla, pamoja na Sanjay Gandhi, mtoto wa aliyekuwa waziri mkuu, Indira Gandhi, walihukumiwa kifungo cha miaka miwili, hukumu iliyokuja kutenguliwa baadaye. Nahata aliitengeneza upya filamu yake, ikatoka mwaka 1978.

Sisemi kwamba nyinyi mtachoma kitu. Ninachosema ni kwamba, faili likishaacha kuwa na mwenyewe, hakuna anayejua litaishia mkononi mwa nani. Wakaguzi wale wa mwanzo huenda walidhani wanajiepusha na balaa kwa kulisogeza mbele. Wangeandika "ndiyo" au "hapana" mwezi ule wa Aprili, kazi ya watu isingefika kwenye moto.

Sasa niwaambie jambo lililonipata mimi.

Miaka mingi iliyopita nilihariri filamu ya kuigiza yenye tukio la msiba. Mama amefiwa na mwanawe aliyepigwa risasi barabarani. Anatoka nje na kikombe cha maji, anamkuta askari kijana amesimama kwenye kivuli cha ukuta, peke yake, ameagizwa alinde. Askari anavua kofia. Mama anamtazama, kisha anampa maji. Askari anakunywa, mikono inamtetemeka. Sekunde 38. Hakuna neno linalosemwa.

Tulipigiwa simu. Haikuwa barua, ilikuwa simu, na aliyepiga alisema tu: "Hicho kipande chenye askari kiondolewe." Tukauliza kwa nini. Akasema tunajua kwa nini. Hatukujua, na mpaka leo sijui. Mtayarishaji alikuwa na madeni, onyesho lilikuwa wiki ile ile, nikaambiwa nikate. Nikakata.

Kukata picha si kama kung'oa ukurasa. Sauti ya kilio kutoka ndani ilikuwa inapita juu ya tukio lote. Nilipotoa picha, kilio kikakatika katikati kama mtu aliyezibwa mdomo, ikanibidi nikiunge na kingine cha mwanzo. Kisha kulikuwa na mkono. Picha iliyotangulia ilimwonyesha mama anatoka na kikombe, na iliyofuata ilimwonyesha anarudi ndani bila kikombe. Nilijaribu kila njia, sikupata picha ya kuziba pale. Siku ya onyesho nilikaa nyuma kabisa. Mama alipoingia ndani mikono mitupu nilimsikia mtu akimuuliza jirani yake, "Maji kampa nani?" Hakujibiwa.

Waheshimiwa, katika filamu ile nzima, hilo ndilo lilikuwa tukio pekee lililomwonyesha askari kama mtoto wa mtu. Kwingine kote alikuwa kofia, buti na bunduki. Aliyepiga simu aliona sare, akaogopa sare. Sidhani kama aliitazama filamu yote. Baada ya mkato wake, watazamaji walitoka ukumbini na chuki kubwa kuliko ile ambayo sisi watengenezaji tulikusudia. Kama angelazimika kuandika sababu kwenye karatasi, nina imani kwamba angefika katikati ya sentensi, akasimama, na kuliona kosa lake. Ndiyo maana nalilia maandishi. Mtu akiandika, anajisikia.

Ingawa, nikiri, hata sababu iliyoandikwa inaweza kuwa pazia tu. Ousmane Sembène wa Senegal alipotengeneza Ceddo mwaka 1977, filamu iliyogusa dini, utumwa na mamlaka, serikali ya Rais Senghor ilimzuia kuionyesha kwao kwa miaka kadhaa, na sababu iliyotolewa ilikuwa tahajia: jina la filamu lina "d" mbili, na kanuni rasmi ya kuandika Kiwolofu ilitaka moja. Sembène hakuiondoa "d" yake. Lakini angalau walimwengu walijua wamwulize nani, na juu ya nini. Sababu ile iliwekwa hadharani, watu wakaipima, na mpaka leo inapimwa.

Sidhani kwamba hofu yenu ni ya bure. Sisi wa ukanda huu hatuhitaji kufundishwa kwamba maneno yanaweza kuua. Rwanda mwaka 1994 redio ya RTLM ilitaja majina ya watu na mahali walipokuwa, na wauaji wakaenda. Kama filamu iliyo mezani kwenu inamtaja mtu akafanyiwe ubaya, au inaliita kabila fulani wadudu, izuieni leo kabla ya jua kuzama, nami nitawatetea. Niliitazama nikiwa na sikio la mtu anayelipwa kusikiliza kila pumzi. Hakuna anayemchochea mwenzake ndani yake. Kuna watu wanaosema walikokuwa siku ile, waliona nini, na walizika nini. Mtu anayesimulia alivyouliwa nduguye, na mtu anayeagiza ndugu wa mwingine auawe, ni watu wawili walio mbali sana, na kazi yenu ya ukaguzi ipo ili kuwatofautisha.

Nimesikia pia hoja ya usalama: kwamba kuna kundi limetishia kufanya fujo filamu ikionyeshwa. Hoja hii ina hatari yake, kwa sababu inampa kila mwenye rungu kura ndani ya kikao chenu. Mahakama ya Juu ya India ililijadili hilo mwaka 1989, katika kesi ya S. Rangarajan dhidi ya P. Jagjivan Ram, iliyohusu filamu ya Kitamil. Majaji walisema uhuru wa kujieleza hauwezi kuzimwa kwa sababu ya vitisho vya maandamano na vurugu, na kwamba dola haiwezi kujitetea kwa kusema imeshindwa kuwadhibiti wenye hasira. Hatari, walisema, lazima iwe karibu na maneno yenyewe kama cheche ilivyo kwenye pipa la baruti. Polisi wapo. Walinde ukumbi.

Na kuna jambo ambalo naona halizungumzwi kabisa. Bodi yenu ilipewa dhamana ya kuwalinda watoto: kusema hii ni ya kila mtu, hii ni ya waliotimiza miaka 18. Filamu isiyo na uamuzi haina alama ya umri. Na haitakaa kabatini, mnalijua hilo kama mimi. Juzi niliona watoto wawili, mkubwa hajafika miaka 12, wamegawana waya mmoja wa masikioni, kila mmoja sikio lake, wanatazama kwenye simu filamu ambayo haikuwahi kupata kibali. Ilikuwa imerekodiwa kutoka kwenye skrini nyingine, picha imepinda, sauti inavuma, na mwanzo wenye maelezo ya tukio umekatwa. Walikuwa wameanzia kwenye maiti. Hakukuwa na mkubwa wa kuwaambia hii ilikuwa lini na kwa nini. Hivyo ndivyo filamu "isiyozuiwa wala kuruhusiwa" inavyoonyeshwa.

Madhara mengine yako kwetu mafundi. Tangu habari za filamu hii zisambae, nimekaa na waongozaji wawili waliokuwa na miradi yao. Mmoja amebadilisha mada. Wa pili ameniuliza kama tunaweza kuhamishia hadithi yake nchi isiyo na jina. Hakuna aliyewakataza. Ufaransa ilikuwa hivyo kwa filamu ya Stanley Kubrick, Paths of Glory, ya mwaka 1957, inayowaonyesha majenerali wa Kifaransa wakiwaua askari wao wenyewe: haikupigwa marufuku rasmi, wasambazaji hawakuthubutu tu kuipeleka, na haikuonyeshwa huko mpaka 1975. Serikali haikuhitaji kuandika katazo. Nafikiri hamtaki kuiacha sanaa ya nchi katika hali hiyo, ya kila mtu kuwa mkaguzi wa mwenzake kwa kukisia.

Kwa hiyo naomba yafuatayo, na naamini hakuna hata moja linalozidi uwezo wenu. Kaeni kikao na mtangaze siku ambayo jibu litatoka. Jibu liwe barua. Kama kuna kipande mnachokipinga, andikeni kinaanza dakika ya ngapi, sekunde ya ngapi, kinaishia wapi, na kinavunja kifungu gani cha sheria. Msiseme "kipande chenye askari". Andikeni majina ya walioitazama filamu yote, mwanzo hadi mwisho. Semeni rufaa inapelekwa wapi na kwa siku ngapi.

Haya si mageni. Mwaka 1965, mwaka ule ule wa The War Game, Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kesi ya Ronald Freedman, mwenye ukumbi wa sinema mjini Baltimore, aliyeonyesha filamu bila kuipeleka kwanza kwa wakaguzi wa Maryland. Jimbo lenyewe lilikiri kwamba filamu ile wangeiruhusu. Mahakama ilimwachia, ikaweka masharti: mzigo wa kuthibitisha kwamba filamu haistahili ni wa mkaguzi, wala si wa mwenye filamu, mkaguzi ana muda mfupi uliotajwa, aruhusu au aende mwenyewe mahakamani, na mahakama iamue upesi. Nayapenda masharti hayo kwa sababu yaliandikwa na watu walioelewa kwamba kuchelewesha ni uamuzi.

Mkiniuliza maoni yangu, ningeipa alama ya miaka 16, niweke maelezo mwanzoni kwamba kuna picha za maiti, niiache iende. Nyinyi mnaweza kuona vingine. Semeni basi.

Katika filamu hiyo kuna mama mmoja mzee anayezungumza kwa dakika saba bila kukatwa. Mhariri wake alifanya vyema kutomgusa. Alikubali kuhojiwa kwa sharti moja: kwamba ikikamilika aitazame ukumbini, pamoja na majirani zake, isiwe kwenye simu. Mtayarishaji humpigia kila mwisho wa mwezi kumjulia hali. Mwezi uliopita mama alimuuliza, "Mwanangu, wameikataa?" Mtayarishaji hakujua amjibu nini.

Mpeni la kumjibu.

Wenu katika kazi,
Mhariri wa filamu